Yule Mama wa Ndani ya Gari

Papa,

Upokee kwanza salamu za nyumbani. Mama yuko, magoti yanamsumbua wakati wa mvua kama unavyojua. Mwanao Kambale ndiye anayeendesha gari lako sasa, Butembo na Beni, na mara moja moja anafika Oicha kuchukua watu wa kakao. Anakwenda mbio kuliko wewe na anapiga honi hata pasipo na mtu. Mimi nimemaliza masomo, natengeneza kompyuta za watu kwenye chumba kidogo karibu na soko. Ule mti wa avoka uliokuwa ukiangusha matunda juu ya mabati tumeukata, na Mama alilia siku ile kuliko nilivyotegemea. Mwaka umetimia tangu tukuzike. Sijakuandikia kwa sababu kuna neno nilikuwa nalificha, na leo ni Ijumaa, nimejiambia sitalala nalo tena. Lakini acha nianzie mbali kidogo, maana nikianza na neno lenyewe nitashindwa.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye sikukuu ya utamaduni wa Japani, hapa hapa Butembo, kwenye bustani ya watu wote. Ndiyo, Papa, Japani. Nakuona unavyocheka, ukiinua nyusi moja. Tangazo lilibandikwa ukutani karibu na chuo: ngoma, karate, chai, maandishi ya Kijapani, kiingilio bure. Wengine walikwenda kwa sababu ya karate na wengine kwa sababu ya bure. Mimi nilikwenda kwa ajili ya yule mama wa ndani ya gari.

Unakumbuka siku alipozungumza mara ya kwanza? Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi. Gari lilikuwa limefika kutoka Japani kwa njia ya Mombasa, usukani upande wa kulia, bado linanuka sabuni ya watu wa mbali. Ukaingia, ukageuza ufunguo, na sauti ya mwanamke ikatoka pale karibu na kioo, laini, ya mtu aliyelelewa vizuri. Ulitoka humo kama umekanyaga makaa. Ukamwita Mama jikoni: "Kuya uone, kuko mwanamuke mu gari!" Mama akatoka na mwiko mkononi, tayari kumfukuza.

Halafu ukakaa ukamsikiliza. Ulizima, ukawasha, ukazima, ukawasha, mpaka majirani wakaja. Alisema neno lile lile kila mara, nami mpaka leo naweza kulitamka usingizini: kaado ga sonyu sarete imasen. Ukatugeukia uso umeng'aa. "Si munasikia? Anasema kaa. Kisha anasema sala. Kisha anamaliza na amen. Huyu ni mama ya Mungu, banamuweka mule juu ya safari."

Kuanzia siku ile hukuondoka kituoni bila yeye. Ulikuwa unawasha, unavua kofia yako, unangoja amalize, kisha unajibu, "Amina." Abiria nao wakazoea. Mama wauza samaki, walimu waliotumwa kutoka Kasai na Équateur, hata wale askari wa kutoka mbali wanaoongea Kilingala tu, wote walijibu. Kulikuwa na watu waliokuwa wakiruhusu magari mengine mawili yaondoke ili wasafiri na la kwako, kwa kuwa lako lilikuwa na sala. Siku za habari za mauaji kutoka upande wa Eringeti walijibu kwa nguvu zaidi.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe.

Ni asubuhi ile uliyonipeleka Beni na wale wenzangu wawili wa chuo. Walikuwa wametoka familia zenye uwezo, na nilikuwa nimejikaza mwezi mzima ili wasinione wa kijijini. Ukawasha gari. Yule mama akasema maneno yake. Ukavua kofia, ukajibu. Nikaona wale wawili wakitazamana, mmoja amefunika mdomo. Na mimi, badala ya kunyamaza, nikakuambia mbele ya gari zima: "Papa, ule hapana mutu. Ni mashine. Anaweza kuwa anasema mafuta inaisha, na weye uko unamujibu amina. Unanipatisha haya." Wakacheka wote, hata yule mzee wa nyuma mwenye kuku. Ukarudisha kofia kichwani, ukaingiza gia. Kutoka Butembo mpaka Beni hukusema kitu. Ulipotushusha ulinipa begi langu bila kunitazama.

Kuanzia siku ile hukumjibu tena. Wiki tatu, Papa. Halafu tansio, ile damu yako ya kupanda, ikakuangusha uani, na hospitalini hukuamka.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Kambale aliona tu kwamba umeacha kuvua kofia, akamweleza Mama. Mama mwenyewe alipanda nawe Jumapili ile ya mwisho kwenda shambani Kalunguta, akaona yule mwanamke anasema na wewe umetazama mbele tu, kofia kichwani. Alikuuliza kwa nini, ukamjibu, "Acha." Neno hilo moja ndilo limemla Mama mwaka mzima. Aliamini uligombana na Mungu. Aliamini uliliona lile jambo linakuja, ukamkasirikia aliyelileta, ukaondoka hivyo, bila kupatana. Kila Jumapili anabaki kanisani watu wakishatoka. Akirudi hasemi, anavua viatu, anakaa. Nami ninayejua sababu napita mbele yake na ndoo ya maji kama mtu asiyejua lolote. Hicho ndicho kitu nilichokuwa nalala nacho.

Kwa hiyo nilipoona lile tangazo, wazo likaniingia na kukaa. Huko lazima kuwe na mtu anayekijua Kijapani. Na nikuambie ukweli, nilitamani awe yeye aniambie kwamba nilikosea mimi. Nilitaka niambiwe ni baraka kabisa, ni sala ya wasafiri, ulisikia sawasawa na binti yako ni mjinga. Ningerudi kwa Mama na habari hiyo nikiwa nimeibeba kichwani.

Ijumaa jioni, kabla ya sikukuu, nilimwomba Kambale awashe gari mara tatu nishike sauti kwenye simu. Akakasirika. "Uko unatafuta nini na huyu mama? Lundi mekanisiye anakuya kumutosha. Batu banacheka." Mama alikuwa mlangoni. Hakusema toa wala acha. Aligeuka akaingia ndani.

Asubuhi ya Jumamosi ilikuwa na ukungu na baridi ya kwetu. Unaijua ile bustani: majani yaliyokatwa kwa panga, mikaratusi pembeni, yale mabenchi ya simenti ambayo hakuna anayekaa kwa sababu yana unyevu mpaka saa sita. Walikuwa wamening'iniza taa za karatasi nyekundu kutoka mti mmoja hadi mwingine. Mkubwa mmoja wa serikali alisoma hotuba kwa Kifaransa mpaka wapiga ngoma wakakaa chini. Kisha vijana wa karate wakaingia na nguo nyeupe zilizopigwa pasi vizuri, na kila mwalimu wao aliposema kitu walipaza sauti pamoja, "Hai!" Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliniuliza, "Banasema nani iko hai?" Nikamwambia nadhani ni ndiyo yao. Akatikisa kichwa, "Basi ni ndiyo ya muzuri."

Ungependa ile sehemu ya kula kwa vijiti. Walikuwa wametoa sahani za maharagwe, yetu haya ya kawaida, na ukiweza kuhamisha kumi kwa vijiti unapewa kipande cha mkate. Askari mmoja mkubwa alitoka jasho pale kuliko vijana wa karate. Haragwe lake la tisa lilirukia kwenye kiatu cha yule mkubwa wa serikali, watu wakashangilia. Kwenye mkeka wa chai ilibidi uvue viatu. Mama mmoja aliyevaa vizuri sana alikataa katakata. Tulielewa wote kwamba soksi ina tundu, hakuna aliyemlazimisha. Na kulikuwa na tawi la mwanzi limesimamishwa, unaandika ombi lako kwenye karatasi ndefu unalifunga hapo. Niliyasoma machache, sitakudanganya. Amani, amani, barabara, mume, amani, kushinda mitihani. Nilichukua karatasi yangu, nikaikunja bila kuandika, nikaitia mfukoni.

Aliyekuwa anakijua Kijapani alikuwa meza ya mwisho, anaandika majina ya watu kwa brashi na wino. Madame Mbuyi. Ni mwalimu wa fizikia, mtu wa Kasai aliyetumwa kufundisha huku, na kabla ya hapo alisoma Japani miaka minne. Alivaa kanzu yao ile ndefu ya mikono mipana, lakini fundi wetu wa hapa ndiye aliyeishona, kwa kitenge chenye tausi. Mshipi ulikuwa umembana hata kuinama hawezi, ikabidi meza iinuliwe kwa matofali. Foleni ilikuwa ndefu. Nilipofika akauliza, "Jina?" Nikamwambia sikuja kwa jina, nina sauti nataka anisikilizie.

Alibandika simu sikioni na kuziba sikio la pili, maana wale wa karate walikuwa wanavunja mbao. Akasikiliza mara moja tu, akacheka kwa kishindo mpaka brashi ikadondosha wino.

"Mais, ça! Huyu nilimusikia miaka mine! Unamutosha wapi?"

"Mu gari ya Papa."

"Anasema carte haiko. Kule barabara ya muzuri unalipaka na carte, unaiweka mu kamashine. Ukiwasha gari, kamashine kanatafuta carte. Hakaione, kanakuambia na heshima: carte hawakuingiza. C'est tout."

Nikamwomba arudie. Akanichambulia neno kwa neno, kwa kidole juu ya meza, kama mwalimu. Kaado ni ile kadi ya kulipia barabara. Sonyu ni kuingiza. Na imasen, ile uliyosema ni amen, ndiyo inayokataa: haiko, hapana.

"Hakuna sala mule? Hata kidogo?"

"Sala? Non."

Nikamuuliza tena. Ya tatu aliacha kucheka. Alinitazama, akaweka brashi chini.

Papa, nilikuwa nimeshinda. Mashine, kama nilivyosema. Sijawahi kuwa na haki namna ile maishani mwangu, na nilisimama nayo katikati ya zile taa nyekundu sijui niiweke wapi. Nililia. Sikulia kwa adabu. Foleni yote iliona, na yule mama wa soksi akanipa leso yake.

Madame Mbuyi aliwaambia watu wangoje. Akanipeleka nyuma ya meza, nikamweleza yote: kofia, amina, wale wenzangu wawili, wiki tatu. Hakuniambia nisilie, wala hakuniambia ulikwisha kunisamehe, maana angejuaje? Alisema, "Miye kule nilikuwa peke yangu. Kulikuwa bisi, asubui mulango ukifunguka, sauti inasema kitu. Nilikuwa naijibu mu Tshiluba. Kila siku. Nilijua ni mashine, mina diplome ya fizikia! Mais ndiyo ilikuwa inanisalimia ya kwanza." Akapangusa wino kwenye kidole. "Papa yako alikuwa anasalimiwa, akaitika. Makosa iko wapi?" Halafu akauliza lile ambalo nilikuwa nimelikimbia mwaka mzima: "Na mama yako, anajua juu ya nini aliacha?"

Nilirudi kwa miguu ingawa pikipiki zilikuwa zinaniita kila kona. Nilitaka njia iwe ndefu.

Mama alikuwa uani anachagua maharagwe ya Kalunguta kwenye ungo. Nilikaa chini, si kwenye kiti. Nikaanza na ile kadi ya Japani kwa sababu ilikuwa rahisi. Akasikiliza, mikono inaendelea kuchagua. Alipoelewa kwamba mle hamkuwa na sala tangu siku ya kwanza aliguna tu, "Mm." Ndipo nikamwambia lile jingine. Nilimwambia kila neno nililokuambia asubuhi ile, hata "unanipatisha haya". Mikono yake ikasimama.

Nilingoja kofi. Ningelipokea vizuri.

"Donc alikuwa ananuna?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Hakumuachaka Mungu?"

"Hapana, Mama. Aliniachaka miye."

Aliweka ungo chini. Akatazama kile kisiki cha mti wa avoka. Halafu bega lake likaanza kutikisika, nikafikiri analia, kumbe ni kicheko, Papa, kicheko ambacho sikukisikia tangu tulipokuzika, kile cha tumboni. "Ule mwanaume! Ule mwanaume! Unajua alininuniaka mwezi muzima juu ya sombe ilikosa chumvi? Mwezi muzima, anapita mu nyumba sawa mupangaji. Nikimuuliza kitu: acha. Acha! Na miye mujinga, kusikia acha yake ile ile, nikawaza ni ya Mungu!" Akajifuta macho kwa pindo la kitenge. "Kisha mwezi ukiisha, asubui moja, anaikala: Mama Masika, chai iko wapi? Kama vile hakuna kitu ilipita. Kila mara mwezi. Haikuzidi, haikupunguka."

Akaniuliza ilikuwa wiki ngapi tangu nikuseme vile.

"Tatu."

Akahesabu kwa vidole, kama hakuniamini.

"Basi alibakisha moja," akasema.

Hapo ndipo tuliposhikana, yeye na mimi, na maharagwe yakamwagika yote, na hatukujali. Kambale alipoingia na funguo akatukuta hivyo akauliza nani amekufa. Mama akamwambia, "Lundi umutoshe ule mama. Alitafuta carte yake sana. Apumuzike." Jumatatu fundi akaja, akakata nyaya mbili, akatoa kisanduku kidogo kama kipande cha sabuni. Mama hakutaka kukihifadhi. Alikitazama mara moja akampa fundi aende nacho. Na jana, Papa, alirudi kutoka misa ya asubuhi pamoja na watu wengine, anaongea na jirani njia nzima kuhusu bei ya mafuta ya mawese.

Huyo ni Mama. Mimi bado.

Nakuomba radhi. Si kwa kusema ni mashine, maana ilikuwa mashine. Nakuomba radhi kwa kuwa niliangalia nyuso za wale wawili kwanza, ndipo uso wako. Mmoja wao nasikia yuko Kampala, mwingine hata sijui. Nilikuuza kwa watu ambao leo tukikutana njiani hawatakumbuka jina langu. Ulikuwa ukiwatuliza watu wanaoiogopa barabara, nami nikataka nionekane nimesoma.

Nakuahidi kitu, na unajua siahidi ovyo. Nikijua jambo ambalo mwenzangu halijui, nitamvuta kando nimwambie kwa sauti ndogo, na kama halimdhuru mtu nitamwachia. Nimeanza tayari. Kuna baba analeta kompyuta yake kila wiki, anaipigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa kabla ya kuiwasha, akiamini ndivyo inavyopona. Namngoja amalize.

Upumzike, Papa. Wasingya, asante kwa kunipeleka shule, hata kama ndiko nilikojifunza kukucheka. Sitakuandikia mara kwa mara, barua hii imenichosha.

Lakini ile wiki uliyobakiza nimeamua kuimaliza kwa niaba yako. Nilianza kuihesabu Jumamosi ile ile, pale uani. Siku hizi zote sijakusumbua na lolote, nimekuacha unune vizuri mpaka mwisho. Kesho asubuhi inatimia. Nitaamka kabla ya Mama, nitachemsha chai.

Binti yako,
Masika